Jenereta Halipakiwi Majahazi Mawili: Namna ya Kuchanganya RAM ya Seva Tatu

Mzee wa ofisi moja ya kutoa mizigo hapa Tanga, karibu na bandari, alisimama nyuma ya kiti changu akaegemea. Kwenye kioo nilikuwa nimefungua ukurasa wa muhtasari wa Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta za bandia zinazokaa ndani ya seva halisi), ule unaojumlisha seva zote za klasta, yaani kundi la seva zinazosimamiwa pamoja. Akausoma mwenyewe bila miwani: RAM, GB 133 kati ya 186.

"Fundi, si zimebaki hamsini na tatu hapo?"

"Zimebaki, mzee."

"Na hiyo mashine pepe mpya ya nyaraka inataka ngapi?"

"Thelathini na mbili."

"Sasa seva ya nne unaniombea hela ya nini?"

Swali la haki kabisa. Nikaacha ukurasa wa jumla nikamfungulia seva mojamoja. Seva zetu nimezipa majina ya mitaa: chuda, mabawa na makorora. Kila moja ni Dell R730 iliyotumika, ina GB 64, na mfumo unaonyesha kama 62 hivi. Siku ile chuda ilikuwa na nafasi ya GB 11, mabawa 18, makorora 24. Jumlisha, unapata 53. Lakini hakuna hata moja yenye 32.

Nikamwambia: "Mzee, jenereta la tani tano ukiwa na majahazi mawili, kila moja limebakiza nafasi ya tani tatu, unapakia vipi?"

Akacheka. "Hulipakii. Au unashusha mzigo mwingine kwanza." Akanyamaza kidogo. "Sasa nyinyi mnaandika jumla ya nini?"

"Anayeandika jumla si mimi, mzee."

Jibu la namna ya kufanya kazi hii alikwisha kulitoa yeye, ingawa hakujua: unashusha mzigo mwingine kwanza. Yote yanayofuata hapa ni jinsi ya kushusha, jinsi ya kuhamisha, na jinsi ya kujua ni lini kweli unahitaji kununua. Ninatumia Proxmox kwa sababu ndiyo niliyonayo. Ukiwa na VMware, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, majina ya vitufe yatabadilika, mantiki haibadiliki.

Kwanza elewa kwa nini RAM haiungani

Klasta inaunganisha usimamizi. Unaona seva zote mahali pamoja, unahamisha mashine pepe kutoka hapa kwenda pale, moja ikifa nyingine inachukua kazi. Lakini kila mashine pepe, wakati wowote ule, inakaa ndani ya seva moja tu na inakula RAM ya seva hiyo hiyo.

Kinachozuia ni mwendo. Prosesa ikitaka kitu kwenye RAM iliyo kwenye ubao wake, inasubiri takriban nanosekunde 100. Ikitaka kitu hicho kwenye RAM ya seva ya jirani kupitia swichi ya kawaida ya gigabiti moja, kwenda na kurudi tu ni mikrosekunde 100 au zaidi. Hiyo ni mara elfu. Tuseme ile safari ya kwanza ni sekunde moja, kama kunyoosha mkono uchukue kikombe mezani. Ya pili itakuwa dakika 17 kasoro, yaani upande baiskeli Ngamiani uende mpaka Raskazone, kwa ajili ya kikombe hicho hicho. Na prosesa inataka vikombe mamilioni kila sekunde.

Ukitaka kuliona tatizo hili kwa umbo dogo, huhitaji hata seva mbili. Seva yenye prosesa mbili, kama R730, tayari imegawanya RAM yake: nusu iko upande wa prosesa ya kwanza, nusu upande wa pili. Andika hivi:

numactl --hardware

Chini kabisa utaona kijedwali cha umbali. Kwangu kinaonyesha 10 kwa RAM ya nyumbani na 21 kwa RAM ya prosesa ya pili. Hapo ni ndani ya sanduku moja la chuma, na bado kuvuka kwenda upande wa pili kuna gharama yake. Kiweke akilini hicho kijedwali, tutakirudia.

Wako waliojaribu kuziunganisha kwelikweli. ScaleMP na TidalScale walitengeneza programu inayokaa chini ya mfumo endeshi na kuufanya uone seva kadhaa kama kompyuta moja kubwa. Zilifanya kazi, lakini kwa mitandao ya kasi kubwa na kwa wateja wenye mifuko mirefu. TidalScale ilinunuliwa na kampuni ya HPE mwishoni mwa mwaka 2022. Siku hizi matumaini yako kwenye CXL, kiwango cha kuunganisha prosesa na RAM ya nje kilichotangazwa 2019. Toleo lake la pili, la Novemba 2020, ndilo lililoleta bwawa la RAM, yaani sanduku la RAM linalokaa pembeni na kugawia kila seva kipande chake. Lakini CXL inataka prosesa na bodi za kizazi kipya. R730 yangu haiwezi, na nadhani yako pia haiwezi. Tuachane nayo.

Nilichojaribu mwenyewe, usikijaribu kazini

Miaka michache nyuma nilijifanya mjanja. Nyumbani Ngamiani nilikuwa na kompyuta mbili, moja imejaa na nyingine haina kazi. Kwenye ile isiyo na kazi nikatenga GB 16 za RAM zijifanye diski:

modprobe brd rd_nr=1 rd_size=16777216

Nikaisafirisha ile diski ya bandia kwa NBD, ile njia ya kuazima diski kupitia mtandao, na kwenye kompyuta iliyojaa nikaiwasha kama swapu, yaani nafasi ya diski inayosaidia RAM ikijaa. Ikakubali! Amri ya free ikanionyesha GB 16 za ziada, nikapiga picha nikawatumia marafiki. Kwa siku mbili nikajiona nimevumbua kitu.

Siku ya tatu dada yangu alikuwa anapiga deki, akasogeza meza, waya wa swichi ukachomoka. Aliurudisha palepale, hata dakika haikuisha. Lakini kompyuta iliyojaa ilikuwa imeweka nusu ya akili yake upande wa pili wa ule waya. Programu zote zikaganda, zikawa zile zinazoonyesha herufi D kwenye amri ya ps (zinasubiri diski isiyojibu), haziuliki hata kwa kill -9. Nikazima kwa kubonyeza kitufe. Faili moja la hifadhidata likaharibika.

Na hata waya usipochomoka, kuna mtego mwingine. RAM ikiisha, keneli, kiini cha mfumo endeshi, inataka kupeleka kurasa (vipande vidogo vya RAM) kwenye swapu. Kuzipeleka kunapita mtandaoni. Na mtandao nao unahitaji RAM ili utume. Mtu anakaba koo lake mwenyewe. NBD ina chaguo la -swap la kupunguza hatari hiyo, ila kwa mashine za watu wanaokulipa, hapana.

Tengeneza klasta, lakini taratibu

Kwenye seva ya kwanza:

pvecm create tanga

Kwenye kila inayofuata, ukitaja anwani ya ile ya kwanza:

pvecm add 10.10.10.11

Seva inayoingia isiwe na mashine pepe hata moja ndani yake, kwa sababu usanidi wake utafutwa na kupokea wa klasta. Kama inazo, fanya nakala rudufu, ziondoe, ingiza seva, halafu zirudishe.

Mambo matatu hapa yamenigharimu usingizi.

La kwanza ni kura: kila seva ina yake, na klasta hufanya kazi ikiwa zaidi ya nusu zipo. Seva mbili peke yake hazitoshi. Moja ikizimika, iliyobaki haina wingi wa kura, inafunga usanidi na haikubali kuwasha mashine yoyote. Seva tatu ni sawa. Kama huna ya tatu, weka kikompyuta kidogo chochote kiwe shahidi kwa kutumia QDevice; Raspberry Pi inatosha.

La pili ni mtandao. Corosync, ile programu inayopigisha kura, inataka mtandao wenye ucheleweshaji chini ya milisekunde 5. Ukihamisha mashine kubwa kwenye waya uleule unaopitisha kura, waya unajaa, kura zinachelewa, seva zinadhani mwenzao amekufa. Tenga. Mimi nina swichi ndogo ya pembeni kwa kura tu. Na swichi hiyo iwe kwenye UPS, betri ya akiba, pamoja na seva. Hapa kwetu umeme ukikatika na kurudi, seva huwaka na kukaa zikisubiriana kwa sababu swichi haijaamka, na wewe uko nyumbani unapigiwa simu.

La tatu ni aina ya prosesa unayoipa mashine pepe. Ukichagua "host", mashine inaona kila kipaji cha prosesa halisi, inakuwa na mbio, lakini siku ukiihamishia seva yenye prosesa ya zamani zaidi inaanguka. Mabawa ina kizazi cha v4, chuda na makorora ni v3. Niliihamisha mashine moja kutoka mabawa kwenda chuda mchana kweupe, ikafa mikononi mwangu. Sasa zote nimeziweka x86-64-v2-AES na sijasikia tena.

Diski za mashine pepe ziwe mahali ambapo seva zote zinapafikia. Mimi ninatumia NFS, njia ya kushirikiana mafaili kupitia mtandao. Unaweza kuhamisha hata mashine yenye diski za ndani kwa --with-local-disks, ila hapo unahamisha diski nzima na utangoja mpaka chai ipoe.

Punguza kabla hujahamisha

Hapa ndipo GB nyingi zinapopatikana, na ndipo watu wanaporuka na kukimbilia dukani.

Anza na ZFS, mfumo wa kupanga data kwenye diski. Chuda ilikuwa na ZFS tangu enzi ilipokuwa peke yake, na ZFS hupenda kutumia RAM kama kibweta cha kuwekea data inayosomwa mara kwa mara. Kwa usakinishaji wa zamani kikomo chake ni nusu ya RAM yote. Amri ya arc_summary ilinionyesha kimekula GB 14. Nikakiwekea mwisho wa GB 4 ndani ya /etc/modprobe.d/zfs.conf:

options zfs zfs_arc_max=4294967296

Halafu update-initramfs -u -k all, na kuiwasha seva upya. Chuda ikashuka kutoka 51 hadi 41. GB kumi, bila shilingi.

Kisha angalia mashine zenyewe. Mabawa ilikuwa na Windows mbili, kila moja imepewa 16. Ukiangalia ndani, kwenye Task Manager, kila moja inatumia 6. Lakini nje seva inahesabu 16, kwa sababu Windows ikiwaka huisafisha RAM yote, ukurasa kwa ukurasa, na seva inaona kila ukurasa umeguswa. Nikaziuliza zinahitaji nini kweli siku ya mwisho wa mwezi, mhasibu akiwa na faili zake zote wazi. Tisa. Nikazipa 10 kila moja. Unazizima kabisa, unabadili, unaziwasha. Mabawa ikatoka 44 ikawa 32.

Aliyezipa zile 16 mwanzoni ni mimi mwenyewe. Nilifikiri ukarimu haudhuru.

Puto ni hatua inayofuata. Kwenye ukurasa wa Memory wa mashine pepe unaandika kiwango cha juu na cha chini, na kisanduku cha Ballooning Device unakiacha kimetiwa alama. Ndani ya mashine kuna kidereva kinachofura kama puto: kinaishikilia RAM ambayo mashine haiitumii ili seva impe mwingine. Proxmox huanza kulijaza puto RAM ya seva ikikaribia asilimia 80. Kwenye Linux kidereva kipo tayari. Kwenye Windows lazima usakinishe videreva vya VirtIO na huduma yake, la sivyo namba utakazoandika ni mapambo. Usiliweke kwenye hifadhidata. Hifadhidata huipanga RAM yake mapema ikijua inayo, ukiinyang'anya katikati inaanza kuburuta. Na mashine uliyoipa kadi ya PCI moja kwa moja haibanwi na puto, RAM yake imefungwa yote.

Kuna pia KSM, iliyoingia kwenye keneli ya Linux toleo 2.6.32 mwaka 2009. Inatafuta kurasa zinazofanana baina ya mashine pepe na kubakiza nakala moja. Ukiwa na Windows tano za toleo moja, kufanana kupo kwingi. Ujue unapata kiasi gani:

cat /sys/kernel/mm/ksm/pages_sharing

Zidisha na KB 4. Kwangu faida ilikuwa ndogo, kama GB moja na nusu, nikaiacha ijiendeshe. Kama unakodisha mashine kwa wateja wasiojuana, izime, maana kushirikiana kurasa kunaweza kumpa jirani mwanya wa kuchungulia.

Sasa hamisha

Tanga wana msemo wao: waja leo, waondoka leo. Mashine pepe nazo zizoee hivyo.

Baada ya kupunguza, nafasi zilikuwa chuda 21, mabawa 30, makorora 24. Bado hakuna 32! Jumla 75 na bado jenereta halipandi. Lakini sasa kuhamisha mashine moja tu kunatosha. Makorora ilikuwa na mashine namba 107, ya GB 12:

qm migrate 107 mabawa --online

Kinachotokea ni hiki. RAM ya mashine inanakiliwa kwenda seva mpya huku mashine ikiendelea kufanya kazi. Wakati wa kunakili, kurasa nyingine zinabadilika, kwa hiyo zinanakiliwa tena, na tena, kila duru kidogo kuliko iliyopita. Zikibaki chache sana, mashine inasimamishwa kwa kitambo kisichojulikana na mtumiaji, kilichobaki kinapelekwa, inaamka upande wa pili. Kwa gigabiti moja, GB 12 ni karibu dakika mbili. Nilikuwa nimeacha ping, amri inayouliza kila sekunde kama mashine ipo, kwenye dirisha la pembeni. Ilikosa jibu moja.

Mashine inayoandika sana kwenye RAM inaweza kuchafua kurasa haraka kuliko waya unavyozibeba, na duru haziishi. Proxmox itaongeza yenyewe muda wa kusimama mpaka ifanikiwe, lakini afadhali uihamishe usiku. Na itenge njia yake kwenye /etc/pve/datacenter.cfg:

migration: type=secure,network=10.10.20.0/24

Kama mtandao huo ni wa seva tu na hakuna mgeni, unaweza kuandika insecure ili kuacha usimbaji na kupata mwendo.

Makorora ikabaki na nafasi ya 36. Mashine ya nyaraka ikaingia na 32 zake. Mzee akafurahi. Mimi sikulala vizuri.

Shimo kubwa, siyo jumla

Nafasi sasa zilikuwa chuda 21, mabawa 18, makorora 4. Makorora ikifa, mashine ya nyaraka inataka kuamkia wapi? Inataka 32 mahali pamoja. Hakuna. Ile hesabu ya majahazi imerudi, na safari hii imerudi saa nane za usiku.

Kwa hiyo jiulize hivi: nikiiondoa seva yoyote, mashine yangu kubwa kuliko zote ina shimo la kuingia kwenye zilizobaki? Jumla itakudanganya kila siku. Ukilazimisha na kuipakia seva kupita uwezo, keneli itaua mmojawapo, na humchagua mnene. Utamkuta kwenye dmesg, "Out of memory: Killed process", na kwenye mabano kvm. Huyo mnene ndiye mashine uliyokuwa unaihangaikia.

Nikarudi kwa mzee. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia seva ya nne siitaki tena, nilikosea. Nataka vipande vinne vya RAM, GB 16 kila kimoja, viende mabawa. Akaniangalia kama anayengoja nibadilishe maneno tena, kisha akakubali. Vilikuja kutoka Dar kwa basi, vimefungwa ndani ya soksi mpya.

Uvipange sawasawa. R730 ina njia nne za RAM kwa kila prosesa. Nilikuwa na vipande viwili kila upande. Nikaongeza viwili kila upande, njia zote nne zikajaa. Kila prosesa sasa ina GB 64 zake. Rudi kwenye kile kijedwali cha 10 na 21: kwenye makorora, yenye 32 kila upande, mashine ya nyaraka ilikuwa lazima ivuke. Nikaihamishia mabawa, nikaitia alama ya Enable NUMA (NUMA ni huo mgawanyo wa RAM kwa kila prosesa), na sasa upande mmoja unaitosha yote.

Nafasi zimekuwa chuda 21, mabawa 50, makorora 36. Chuda ikifa, vyake vyote vinaingia mabawa. Makorora ikifa, hivyo hivyo. Mabawa ikifa, mashine ya nyaraka inaingia makorora, na nyingine zinabanana chuda; mashine pepe tatu za majaribio zitabaki zimezimwa mpaka mtu aje. Nimemwandikia mzee hivyo hivyo, kwa jina la kila moja, asije akashangaa.

Kwenye mlango wa kabati la seva nimebandika karatasi yenye namba tatu, nafasi ya kila seva, na ya nne imepigiwa mstari: 32. Ninaibadilisha kila Ijumaa kabla ya kutoka. Mzee akipita siku hizi anasoma karatasi, kioo hakitazami.